Gari Halikufa, Mmeliua

Nimechoka kuambiwa kwamba Subaru ni gari bovu.

Nayasikia maneno hayo kwenye foleni ya pantoni pale Feri. Nayasikia kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo. Nayasikia kwa madalali, kwa mafundi, kwa waliowahi kulimiliki na kwa wale ambao hawajawahi hata kufunua boneti yake. "Usinunue, zinanoki hizo." "Turbo ni kujitafutia presha." Kila mtu ana binamu aliyeuza kiwanja kwa ajili ya injini. Kila mtu ana jirani aliyeliacha gari Chalinze akarudi na basi.

Sawa. Hebu tuulizane, ndugu yangu, bila kuoneana aibu. Huyo binamu alikuwa anamwaga oili kila baada ya kilomita ngapi? Mkanda wa taimingi aliukuta umetembea kiasi gani? Tairi zake nne zilikuwa za aina moja? Siku anapokea funguo alikuwa amesoma karatasi ya mnada, au alikuwa amesikiliza mlio wa egzosi tu?

Majibu unayajua. Na mimi nayajua.

Gari halikufa. Liliuawa.

Nazungumzia zile gari fupi za milango mitano, mgongo umekatwa, turbo ndani, magurudumu yote manne yanavuta. Kwa hapa mjini jina lake ni Impreza, hasa lile umbo lililotoka Japani mwaka 2007. Zimejaa. Simama jioni pale Mnazi Mmoja uhesabu. Pembeni yake wapo wachache wenye Golf R na Audi S3, nao wana kilio chao.

Mashine hizi si takataka. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari Rally nafasi ya 4 akiwa ndani ya Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akayashinda mashindano hayohayo kwa Impreza. Hiyo ilikuwa kwenye vumbi, mawe na makorongo ya ukanda wetu huu huu. Gari hilo hilo unalosema haliwezi kutoka Kariakoo mpaka Mbezi bila kuchemsha!

Liliwezaje? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya madereva wale kulikuwa na mafundi wanaoijua kila nati, oili safi, shokapu nzima, tairi zinazolingana. Hapakuwa na mtu wa kusema, "Ongezea kidogo tu, tutaona mbele ya safari."

Tutaona mbele ya safari. Maneno hayo yameua injini nyingi mjini hapa kuliko mafuriko ya Jangwani.

Na tunaanza kuua kabla hata hatujanunua.

Beji nyekundu ya STI inauzwa Kariakoo. Skupu ya kubandika juu ya boneti inauzwa. Spoila inauzwa. Egzosi ya kunguruma inauzwa. Siku moja inatosha: Impreza ya sisi 1500, haina turbo, inavuta kwa magurudumu mawili ya mbele, inavalishwa, inapigwa picha jioni Coco Beach, kesho iko sokoni inaitwa WRX. Na unainunua! Unatoa mamilioni, unapiga na picha, unapost, watu wanakupongeza.

Kweli hukuwahi kusikia kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu?

Itafute namba ya chasisi. Ipo kwenye bati chini ya boneti, na ipo kwenye kadi. Soma mwanzo wake tu. GH2 ni injini ya 1500, magurudumu mawili. GH3 ni 1500 hiyo hiyo, magurudumu manne. GH8 ndiyo S-GT, lita 2.0 yenye turbo, magurudumu manne. GRB ndiyo STI ya Japani, lita 2.0, gia sita za mkono. GRF ni STI ya otomatiki waliyoiita A-Line, lita 2.5. Herufi mbili na tarakimu, au herufi tatu, basi. Mtu anatoa akiba ya miaka bila kusoma vitu vitatu vilivyogongwa kwenye bati!

Na wewe uliyeambiwa Mazdaspeed Axela ni fowili kwa sababu ina nguvu: umedanganywa, inavuta mbele. Golf GTI nayo inavuta mbele. Yenye magurudumu manne ni R, na hiyo R ina klachi ya kugawa nguvu nyuma inayohitaji oili yake, na gia boksi ya klachi mbili inayohitaji oili yake, kwa muda wake, kwa aina yake. Kama fundi wako hajui kwamba hizo ni oili mbili tofauti, huna fundi. Usilinunue.

Tuje kwenye karatasi ya mnada. Gari nyingi zinazotujia kutoka Japani zimepita mnadani, na mnadani kila gari linakaguliwa na kuandikiwa karatasi. Kuna mchoro wa gari, kuna alama. W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya. XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja likiandikwa R au RA, gari hilo lilipata ajali likatengenezwa. Kilomita zimeandikwa humo kabla mtu wa mjini hapa hajazirudisha nyuma.

Karatasi hiyo ni haki yako kuiomba. Mwenye yadi akisema imepotea, muulize ilipoteaje wakati picha zote za gari lake anazo kwenye simu, mpaka ya kisigino cha kiti. Ukiondoka bila karatasi na bila jibu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia umelibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Tena gari la namna hii linahitaji ukali zaidi kuliko IST ya mwalimu mstaafu wa Osaka. Mtu wa kwanza aliyelimiliki alilinunua ili alikimbize. Alilikimbiza. Alibadilisha vitu, akatoa vingine, akarudisha vya zamani siku ya kuuza. Wewe ni wa tatu au wa nne, na kabla yako alikuwepo kijana wa Kinondoni.

Nenda asubuhi. Nenda kabla muuzaji hajakutarajia, na kabla hujamsalimia weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, amelipasha. Kwa nini alipashe? Ondoka, rudi kesho. Injini ya baridi iwashwe mbele yako: tazama moshi wa bluu kwenye egzosi, sikiliza. Kisha liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, usikilize tena, maana noki ya beringi hujitokeza vizuri oili ikishakuwa nyepesi kwa joto. Wanaojua huweka oili nzito kuificha. Dakika tano za kuzunguka yadi hazitakuonyesha kitu.

Halafu tafuta kiwanja kikavu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu. Likikaba, likawa linarukaruka na kujivuta utadhani umeshika breki, difu ya kati au klachi yake imekwisha. Fungua rizeva ya maji injini ikiwa inaunguruma. Mapovu yasiyokoma? Gasketi. Muombe fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Muuzaji akikataa kipimo, amekujibu tayari.

Nani kati yetu anafanya haya? Tunafanya nini badala yake? Tunakanyaga mafuta likiwa limesimama, tunasikia mngurumo, tunacheka, tunahesabu hela.

Sasa kodi. Hapa ndipo wengi wanapojinyonga mapema. Kenya wao walifunga mlango: gari likizidi miaka 8 halisajiliwi. Sisi tumeuacha wazi, lakini unalipia kuingia. Kwenye gari la mtumba la kutembelea kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 ikizidi sisi 1000 mpaka 2000, ikizidi hapo asilimia 10. Kuna ule wa uchakavu: asilimia 15 likiwa na miaka 8 mpaka 10, asilimia 30 likizidi 10. Kuna VAT ya asilimia 18 juu ya hayo yote, na tozo nyingine nyuma yake. Impreza ya 2008 inaangukia kwenye 30. Ile STI ya lita 2.5 inaangukia kwenye 30 na kwenye 10 kwa pamoja.

Kikokotoo cha TRA kipo wazi, bure, kwenye simu unayoishika saa zote. Lakini watu wanaagiza kwanza, wanakokotoa meli ikiwa imeshatia nanga. Ndipo wanaanza kukopa. Wanakopa kwa shemeji, wanakopa kikoba, wanakopa kwa riba. Gari linatoka bandarini liking'aa, mwenye gari hana hata hela ya dumu la oili.

Hapo ndipo kifo kinapoanzia. Pale pale getini.

Kwa sababu gari la mtumba la aina hii, siku ya kwanza, linadai. Linadai oili ya injini, ya gia boksi, ya difu. Linadai mkanda wa taimingi na kila kinachozunguka nao. Linadai plagi, maji ya rejeta, pedi za breki, pengine tairi nne. Mimi nasema wazi, kama huna theluthi ya bei ya gari ikiwa imelala pembeni kwa kazi hiyo, hilo gari huliwezi. Nunua Corolla. Corolla ni gari la heshima, litakupeleka kazini, litakusomeshea watoto.

Umeudhika? Afadhali uudhike leo.

Anza na mkanda. Injini hizi za boksa za EJ zinazungushwa taimingi kwa mkanda wa mpira, na Japani mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika, vavu zinakutana na pistoni. Hakuna kusogea pembeni ukapiga simu, injini imekwisha hapo hapo. Sasa wewe umenunua gari linaloonyesha kilomita 89,000, kilomita ambazo huziamini hata mwenyewe, na unasema "bado elfu kumi na moja". Elfu kumi na moja kutoka wapi? Nani amekuhesabia? Mkanda usiojua historia yake hesabu kwamba umekwisha. Badilisha, pamoja na tenshena, vipuri vyake na pampu ya maji, kwa sababu pampu iko hapo hapo na fundi ameshafungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini hii ni silinda hedi mbili, maana boksa ina hedi mbili, kila upande moja.

Oili. Nitasema mpaka mchoke: oili!

Kilomita 5,000, mwaga. Usiniletee habari za kilomita 10,000 zilizoandikwa kwenye dumu. Dumu halijui Barabara ya Nyerere saa kumi na moja jioni. Gari lako linasimama saa zima linaunguruma, turbo inachemka, feni inapiga kelele, na dashibodi inakuonyesha umetembea kilomita nne. Injini imefanya kazi ya kutosha, kilomita zimesimama. Kwa hiyo hesabu na miezi pia. Ikifika minne au mitano, hata kama hujafika 5,000, mwaga.

Na stiki ya oili ichomoe kila wiki, gari likiwa limepoa, sehemu tambarare. Injini hizi zinakunywa oili, huo si ugonjwa wa ajabu, ndivyo zilivyo. Ugonjwa ni mwenye gari asiyechomoa stiki mpaka taa nyekundu iwake. Taa ya oili ikiwaka kwenye turbo, beringi zimeshakula chuma kwa chuma. Ndiyo hiyo noki mnayoiimba vijiweni. Mnasema Subaru inanoki, wakati mmeiendesha ikiwa kavu!

Ukishamwaga, dumu tupu litoboe kabla hujalitupa. Litoboe kwa bisibisi mbele ya fundi. Madumu mazima yenye lebo nzuri hukusanywa, na yanayokusanywa hujazwa tena. Ukimwachia mtu dumu zima umemsaidia kumuua mwenzako.

Plagi nazo. Kwenye boksa plagi zimelala ubavuni, zimebanwa karibu na chasisi. Fundi mvivu akiona hivyo anakuambia lazima injini ishuke, kisha anaona kazi kubwa, anaziacha, na bili anakuletea. Nimeona gari limetoka "kufanyiwa sevisi" plagi zake zikiwa na kutu ya zamani pale zilipoingilia. Simama hapo hapo uone kazi. Mwambie akupe za zamani mkononi. Si dharau kwa fundi. Fundi mwema hufurahi mteja akisimama.

Mafuta sitayachelewesha. Kifuniko cha tenki cha gari hizi kina kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya premiamu, na Japani premiamu ni ya oktani 100 hivi, wakati ya kawaida yao ni kama 90. Hiyo 100 umeiona kwenye pampu gani hapa mjini? Basi tia iliyo bora unayoweza kuipata, kituo kimoja unachokiamini, na usiliminye gari lote likiwa limechemka kwenye foleni mchana wa Januari. Mafuta ya oktani ndogo yanawaka kabla ya wakati, silinda inagonga, pistoni inapasuka kingo. Petroli ya vidumu pembeni ya barabara usiiguse kabisa.

Tairi sasa. Hapa nina hasira ya peke yake, kwa sababu hapa hakuna fumbo. Ni uchoyo mtupu.

Gari la magurudumu manne linataka tairi nne zinazolingana: saizi moja, aina moja, uchakavu mmoja. Kwa Subaru, mzunguko wa tairi moja na nyingine usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Ikizidi, magurudumu yanazunguka kwa mwendo tofauti muda wote, difu ya kati haipumziki, inachemka, inakufa. Ni watu wanne wamebeba jeneza na mmoja ni mfupi: mzigo wote unamlalia mtu asiyestahili, na haufiki makaburini salama.

Lakini sisi tunafanyaje? Tairi moja imepasuka Ilala, tunanunua moja ya mtumba, "ya kusogeza siku". Mwezi ujao moja nyingine. Gari la turbo, la magurudumu manne, lina tairi za majina manne! Ukimwambia mwenyewe, anajibu kwamba tairi ni tairi. Miezi sita baadaye gia boksi inalia, anaambiwa bei ya gia boksi, anakaa chini kwenye ngazi ya duka.

Rahisi ghali. Kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu anaipita akienda kununua tairi moja.

Tazama ubavu wa hiyo tairi ya mtumba unayoitamani. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ikiandikwa 2314, ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2014. Kashata bado nene, inang'aa, wameipaka dawa. Mpira wenyewe ni mzee, umekauka ndani. Unaufunga kwenye gari linalofika 180 bila kutoa jasho, unampakia mtoto nyuma, unaelekea Bagamoyo.

Na gari likiharibika, usikubali lining'inizwe pua. Gari la kuvuta likiinua magurudumu ya mbele na kuburuza ya nyuma, kilichobaki kizima kinamalizika njiani. Hili lipandishwe lote juu ya gari la kubebea. Fundi wako anajua? Muulize leo, kabla ya siku yenyewe. Usiku wa manane pale Ubungo, mvua inanyesha, utakubali chochote.

Spea. Twende Gerezani.

Gerezani ina watu wanaozijua spea kuliko wenye viwanda. Wapo wazee pale wanaoshika beringi gizani wakakuambia ni ya gari gani na ya mwaka gani. Nawaheshimu, na bila wao mji huu ungesimama. Lakini pembeni yao wapo wanaokuuliza swali moja baya kuliko yote: "Bosi, unataka orijino au unataka ya kawaida?" Na sisi tunajibu "ya kawaida". Mkanda wa taimingi wa kawaida! Pampu ya maji ya kawaida! Beringi ya kawaida kwenye turbo!

Halafu tunashangaa.

Liko jingine tunalolinyamazia. Unaamka asubuhi, umeliegesha Kariakoo, saiti mira zote mbili hazipo, taa haipo. Unalia. Baada ya saa mbili uko mtaani unatafuta taa, unapewa bei nzuri, na kioo kina mchubuko pale ambapo namba ya mwenzako ilikuwa imechorwa. Umeiona. Umelipa. Umeondoka.

Sasa nani anaendesha biashara hii? Mwizi anaiba usiku mmoja, sisi tunamnunulia mwaka mzima. Tunajiibia wenyewe kwa mikono yetu, halafu tunaulizana polisi wako wapi. Dai risiti ya EFD. Kioo kilichosuguliwa kirudishe hapo hapo, kwa sauti, watu wasikie.

Na masega! Kijana anaambiwa masega ya egzosi yanazuia nguvu, yatolewe, tena atalipwa. Anayatoa. Gari linaanza kupasua risasi barabarani, anafurahi, wagonjwa Muhimbili wanashtuka vitandani. Hajui kwamba turbo inayopumua tofauti na kompyuta ilivyopangwa inaweza kusukuma hewa kupita kiasi, mafuta yakapungua ndani ya silinda, pistoni ikayeyuka. Aliyemtolea masega hakumwambia, kwa sababu alichotaka ni masega. Ukitaka nguvu, tafuta mtu mwenye vipimo vya kupangia kompyuta ya injini upya na umlipe. Ukikosa hela ya kumlipa, acha gari lilivyotoka kiwandani. Liliundwa na watu waliosoma.

Jambo linalofuata ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu spea unaweza kununua tena.

Saa sita usiku pita Daraja la Tanzanite. Pita Barabara ya Barack Obama kuteremka mpaka Kivukoni, pale ambapo mama wa samaki na wapiga debe wanavuka wakielekea Feri kuwahi boti za alfajiri. Utayasikia magari haya. Kikomo cha mwendo kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Vijana wanapita kwa mara tatu yake, wakiamini kwamba magurudumu manne yatawaokoa.

Yatawaokoaje? Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama, gari lako linasimama kwa breki na tairi, sawasawa na IST. Na breki ni pedi za kawaida, na tairi ni zile nne za majina manne, na lami ya Kivukoni usiku ina unyevu wa bahari na mchanga. Mama mwenye beseni kichwani hana airbegi.

Mnaomlea kijana huyo, mnaompongeza kwenye kundi la WhatsApp kwa video ya spidi, nanyi mko ndani ya hilo gari. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Turudi kwenye matunzo. Nunua daftari. La shilingi mia tano linatosha. Andika tarehe, kilomita, ulichobadilisha, wapi, kwa bei gani. Mali bila daftari huisha bila habari, na asilimia kubwa ya mnaolalamika kwamba gari "linakula hela" hamwezi kuniambia limekula kiasi gani, lini, kwa kitu gani. Gari lenye daftari linauzika kwa bei, maana mnunuzi mwenye akili atalipia kuijua historia yake. Na siku fundi akitaka kukubadilishia kitu alichokibadilisha Machi, unamfungulia ukurasa.

Nimebakiza mtu mmoja wa kusema naye.

Wewe ambaye gari lako limeshanoki. Unajua. Umepita kwa fundi, amekuambia beringi zimekwenda, difu inakaba. Umeona bei ya injini ya mtumba, ukanyamaza. Umemwaga oili nyepesi ukatia nzito, ukaongeza na ile dawa ya kopo, kelele imepungua. Umelipiga polishi, umeweka beji mpya, umepandisha picha: "Gari kali, injini imetulia, mwenyewe anasafiri." Kesho anakuja kijana kutoka Mbagala na akiba yake yote, amekuja na mchumba wake, wanatabasamu.

Unamwangalia usoni na kumwambia liko safi?

Mwambie ukweli kabla hajatoa hela. Mwambie injini imenoki, difu inakaba, mkanda hujui historia yake. Teremsha bei iendane na hali, mpe na namba ya fundi aliyelipima, akalinunue akijua anachokwenda kulipia. Na kama umeshaliuza wiki iliyopita, namba yake ya simu unayo. Mpigie.